Watu saba, bidoni nne za maji: maisha ya « Mars » kwenye barafu ya Kanada

Kupika, kunywa, kuoga, kufua, kuosha vyombo: kwa yote hayo, watu saba walitumia karibu lita 80 za maji kwa siku. Ni bidoni nne tu, na kila matumizi yaliandikwa.

Ilikuwa mwaka 2007 katika kisiwa cha Devon, kaskazini kabisa mwa Kanada, ambako hakuna kijiji hata kimoja. Kwa miezi minne, kikundi hicho kiliishi kama kiko kwenye sayari ya Mars.

Nyumba yao, ya duara na yenye ghorofa, ilijengwa mwaka 2000 na shirika la Mars Society kando ya Haughton, shimo lenye upana wa kilometa 20 hivi lililoachwa na kimondo. Pale ni mawe, vumbi na baridi. Waliotoka kufanya uchunguzi walivaa vazi la kuigiza la mwanaanga na kofia yake.

Kwa kuwa wakati wa kiangazi jua halizami kule, walijaribu pia siku ya Mars, inayopita yetu kwa dakika 39. Zinaonekana kidogo, lakini zinajumlishana: baada ya karibu wiki tatu, saa ya kuamka inaangukia jioni. Kazi haingoji usingizi urudi.

Jambo moja halikuwa la kuigiza. Devon ina dubu weupe, wanaoweza kuua mtu. Kwa hiyo kikundi kilichotoka kukusanya mawe kilikuwa na mlinzi mwenye bunduki.