Anakukaribisha kwenye treni akitabasamu, lakini je, alilala saa ngapi?

KAMA umewahi kupanda treni ya SGR kutoka Syokimau kwenda Mombasa, kuna kitu lazima ulikiona dirishani, hata kama hukukitilia maanani. Treni ikipita stesheni ndogo bila kusimama, pale Kibwezi au Miasenyi, kuna mtu wa sare amesimama wima kando ya reli, mikono ubavuni, akiitazama mpaka behewa la mwisho lipotee. Jua liwake, mvua inyeshe, yupo. Abiria humpiga picha, wanaiposti, habari inaishia hapo.

Mimi pia nilimpiga. Ni katika safari ya pili ndipo nilijiuliza, huyu hasa anafanya nini? Nilidhani ni gwaride la kufurahisha wageni. Kumbe kwenye reli kazi hii ni ya zamani kuliko SGR yenyewe. Dereva yuko mbele, haoni nyuma. Anayesimama kando ndiye anaweza kuona mlango uliofunguka, kitu kinachoburutwa chini ya behewa, au moshi unaotoka kwenye gurudumu lililopata joto kupita kiasi. Akiona, anatoa habari, treni inasimamishwa. Asipokuwepo, au awepo lakini macho yamemlemea kwa kukosa usingizi, hakuna anayeona.

Na kuna uwezekano mkubwa kwamba mtu huyo ni rika lako.

Tuseme ukweli, kazi ya reli ni ndoto ya vijana wengi hapa nchini. Mei 31, 2017, Madaraka Express ilipozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta akiwa ndani, usukani ulikuwa mikononi mwa wanawake wawili vijana, Concilia Owire na Alice Gitau. Picha zao zilizunguka kila mahali. Nakumbuka binamu yangu, wakati huo akiwa sekondari, akiapa kwamba yeye hataki udaktari tena, anataka treni. Mpaka leo tangazo la nafasi za reli likitoka, wasee hutumiana kwa WhatsApp kabla hata ya kulisoma hadi mwisho. Sare safi, mshahara wa kila mwezi, na mama ana kitu cha kuwaringia majirani.

Ila picha haionyeshi saa.

Hebu tupige hesabu. Treni inayosimama kila stesheni huondoka Nairobi saa mbili asubuhi. Wewe abiria unaambiwa ufike mapema, maana kuna foleni ya kukaguliwa, mizigo inapangwa chini mbwa anusie, halafu unaonyesha kitambulisho na tikiti. Umeamka saa kumi na moja na tayari unalalamika. Sasa anayekungoja mlangoni, nguo zimepigwa pasi, nywele zimebanwa, ameamka saa ngapi? Behewa lazima liwe safi kabla wewe hujaingia. Kisha kuna treni ya alasiri, na ile ya saa nne usiku inayofika mwisho wa safari usiku wa manane umepita na majogoo hayajawika. Stesheni kuu zote mbili, Syokimau na Miritini, ziko mbali na katikati ya jiji. Kijana wa kike anayemaliza zamu saa hizo anafikaje kwake? Hilo ndilo swali la kwanza ningeuliza kwenye intavyuu, kabla hata ya mshahara.

Na ndani ya behewa kazi haina mwisho. Mhudumu anapandisha masanduku juu ya viti. Anawaonyesha watu viti vyao, halafu anasuluhisha ugomvi kwa sababu kuna mtu ambaye amekalia cha dirishani na hataki kuhama. Anafagia njugu, anaweka karatasi chooni, anamwomba mwanamume fulani avute viatu vyake kutoka kwenye kiti cha mbele. Anaamsha mtu wa Voi ili asishtukie yuko Mariakani. Anamtafutia mtoto mahali pa kutapika. Haya yote akiwa kwa miguu, kwenye kitu kinachotikisika, kwa saa tano au sita. Na anatakiwa kutabasamu.

Tabasamu nalo ni kazi. Ulizeni mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya hoteli au kupokea simu za wateja. Misuli ya uso inachoka kama ya mgongo, ila hii hailipwi ovataimu.

Kuna safari moja ambayo bado inanisumbua. Treni na njia naziacha bila majina. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa ameketi safu mbili mbele yangu, alipata kizunguzungu akaanguka kati ya viti. Tukaita mhudumu. Kimya. Kijana mmoja akakimbia kumtafuta, akampata behewa la tatu kutoka letu. Siku hiyo alikuwa akihudumia mabehewa kadhaa peke yake. Bahati nzuri miongoni mwetu kulikuwa na muuguzi. Mhudumu alipofika akitweta, tulimrukia kwa maneno. Mimi nikiwemo. Nilimuuliza alikuwa akila nini huko. Aliomba msamaha, akapiga magoti kando ya yule mama na kumshikia chupa ya maji. Ni usiku, nikiwa kitandani, ndipo nilitambua kwamba nilimtukana mtu mmoja kwa sababu ya watu wawili ambao hawakuajiriwa.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Treni ya SGR inaweza kubeba zaidi ya abiria 1,200. Hao ni watu wa kujaza matatu 86 za abiria 14. Sasa, matatu 86 zina madereva 86 na makanga 86. Huwapendi makanga, najua, lakini ukizimia kwenye Nganya ya Rongai, kuna mtu hatua mbili kutoka ulipo. Kwenye treni watu wote hao wanagawiwa wafanyakazi wachache, na mdosi yeyote wa reli, popote duniani, akitaka kupunguza gharama macho yake huangukia hapo kwanza. Reli huwezi kuipunguza. Injini huwezi. Mkopo wa kujengea lazima ulipwe. Kilichobaki ni watu.

Uingereza wamepigana vita hivi kwa muda mrefu. Mwaka wa 2016 wafanyakazi wa kampuni ya Southern walianza kugoma kupinga mpango wa kumtwika dereva kazi ya kufunga milango, ambayo ilikuwa ya gadi. Kampuni ikasema kamera zinatosha. Wafanyakazi wakasema kamera haitamshika mkono kipofu anayeshuka. Abiria waliumia miezi na miezi, wengine wakaupoteza uvumilivu. Mimi nawaelewa wote, lakini baada ya yule mama, niko upande wa gadi.

Mambo yakiharibika kabisa, hali ya kazi inageuka kuwa suala la uhai. Japani, Aprili 25, 2005, treni ya kampuni ya JR West iliacha reli kule Amagasaki ikagonga jengo la makazi. Watu 107 walikufa, dereva akiwemo, na wengine zaidi ya 500 wakajeruhiwa. Dereva alikuwa na umri wa miaka 23. Alikuwa amechelewa kwa takriban sekunde 90. Soma tena: sekunde. Aliingia kwenye kona ya kilomita 70 kwa saa akiwa kwenye kasi ya 116. Kwa nini? Kampuni hiyo ilikuwa na mtindo wa kuwaadhibu madereva waliochelewa kwa "mafunzo" ya kuwadhalilisha, kuandika ripoti za kujikosoa siku nzima, na yeye alikuwa ameshapitia hayo. Kijana wa watu aliogopa mdosi kuliko kona.

Ugiriki nako, usiku wa Februari 28, 2023, treni ya abiria iligongana uso kwa uso na ya mizigo katika eneo la Tempi. Watu 57 walikufa, wengi wao wanafunzi waliokuwa wakirudi chuoni baada ya wikendi ndefu. Treni hizo mbili zilikuwa zimekimbia kwenye reli moja kwa takriban dakika 12 bila mtu kugundua. Mkuu wa stesheni aliyekuwa zamuni Larissa alikuwa mgeni kwenye kazi hiyo, na alikuwa peke yake. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimelalamika kabla ya hapo kuhusu uhaba wa watu na mitambo isiyofanya kazi.

Sisemi tuko huko. Nasema malalamiko ya mfanyakazi wa reli ni habari ya usalama wako, usiyasome kama udaku.

Na malalamiko hapa kwetu yamekuwepo. Julai 2018 gazeti la The Standard lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba Wakenya wanaofanya kazi kwenye SGR, iliyokuwa ikiendeshwa na kampuni ya Kichina ya Afristar, walikuwa wakibaguliwa: hawakai meza moja na wenzao wa China, hawapandi gari moja la kupelekwa kazini. Nchi ilikasirika, serikali ikaahidi kuchunguza. Tangu 2021 Shirika la Reli limekuwa likichukua majukumu hatua kwa hatua, yakiwemo uuzaji wa tikiti na ulinzi. Lakini mwajiri kuwa Mkenya si dawa ya kila kitu. Wengi wetu tumeajiriwa na Wakenya wenzetu, na tunajua.

Januari 2024 nauli ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 daraja la kawaida, na kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500 daraja la kwanza. Mtandaoni tulipiga kelele, na ilikuwa haki yetu. Sababu iliyotolewa ilikuwa bei ya mafuta. Katika kelele zote nilizosoma, sikuona mtu akiuliza kama katika ile Sh500 ya ziada kuna hata shilingi mbili za anayesafisha choo.

Kwa hivyo kama una barua ya kazi mkononi, iwe ya reli, basi au ndege, jua haya kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na kandarasi iliyoandikwa. Kifungu cha 27 kinakupa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Cha 28 kinakupa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Cha 5 kinakataza ubaguzi na kinataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Halafu kuna kile cha 37, ambacho wadosi wengi hutamani usikijue: ukifanywa kibarua wa kila siku kwa muda mrefu, kazi ikiwa imeungana kwa mwezi mmoja au zaidi, ajira yako inahesabiwa kama ya mshahara wa mwezi, na haki zake zinakufuata. Juu ya yote, Kifungu cha 41 cha Katiba kinakuruhusu kujiunga na chama cha wafanyakazi na kugoma.

Ukiona haya kama maneno ya wazee, kumbuka Mombasa, Januari 1947. Wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, wa reli na wengineo, waliweka vifaa chini na mji ukasimama. Aliyekuja kuwaongoza, Chege Kibachia, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Siku ya kupumzika unayoiona kama kitu cha kawaida iligharimu watu.

Nami nimebadilisha tabia chache. Takataka zangu nabeba mwenyewe mpaka kwenye pipa. Nikiona mhudumu mmoja kwa mabehewa mawili, naandika malalamiko, ila simlalamikii yeye. Nauliza wenzake wako wapi. Sijui kama kuna anayesoma.

Mara ya mwisho nilichukua treni ya usiku. Tulipofika Miritini watu walishuka mbio kama kawaida, kila mmoja anawahi gari la kwenda mjini kabla hazijajaa. Mhudumu wetu alisimama mlangoni akatuaga mmoja mmoja, hata wale ambao hawakumtazama. Nilipofika nje nikageuka. Taa za behewa letu zilikuwa bado zinawaka, na mle ndani mtu alikuwa akiinama na kuinuka, kiti kwa kiti, akielekea nyuma.