Skripti inauliza, unajibu "n": ni ndiyo ao ni non?

Mahali pengi penye kazi ya ordinatere, iwe radio, shule ao sekretarieti ya mtaani, kuna mtu mmoja mwenye kuandika skripti kwa kurahisisha kazi. Skripti ni fishie ya maandishi yenye amri zinazofuatana. Sheli, kwa mfano Bash kwenye mashine za Linux, inasoma amri hizo moja kisha ingine na kuzifanya. Haichoki, lakini pia haina mashaka. Ukiiambia ifute kwa amri ya rm, inafuta, na fishie haipiti kwenye kapu la taka mahali unaweza kuiokota kesho.

Njo maana mwandishi wa skripti anaweka swali kabla ya hatua ya hatari. Kwenye Bash, amri ya kuuliza inaitwa read:

read -r -p "Futa sauti zote za mwaka 2023? [n/h] " jibu

Alama ya -p inaonyesha swali kwenye ekra. Kile mtu anaandika kwenye klavie kinaingia ndani ya jina "jibu". Alama ya -r inakataza Bash kubadilisha maandishi ya mtu akitumia mkwaju wa kinyume.

Herufi moja, maana mbili

Kwa kuangalia haraka, swali hilo ni zuri: n ni ndiyo, h ni hapana. Lakini huku kwetu mtu yuleyule anaongea Kiswahili nyumbani na anatumia mashine yenye iko katika Kifaransa. Linux ya Kifaransa inamuuliza [O/n], ni kusema oui ao non. Ile ya Kingereza inauliza [Y/n], yes ao no. Katika zote mbili, n ni kukataa. Vidole vyake vimeshazoea hivyo.

Sasa anafika kwenye skripti ya Kiswahili. Anaogopa, anataka kukataa, anabonyeza n. Skripti inasoma "ndiyo". Sauti za mwaka mzima zinaenda, na yeye anaamini ameziokoa.

Dawa ni kuacha herufi moja na kuomba neno zima:

read -r -p "Andika ndiyo ao oui kwa kufuta: " jibu
case "$jibu" in
  ndiyo|oui) rm -r -- "$dosie" ;;
  *) echo "Hakuna kitu kimefutwa." ;;
esac

Nyota ya mstari wa nne njo mlinzi. Inashika kila jibu lingine: n, non, hapana, neno lenye makosa, hata mtu akibonyeza Enter bila kuandika kitu. Yote hayo yanahesabiwa kuwa kukataa. Kwa maswali ya herufi moja pia kuna desturi: herufi kubwa ndani ya mabano inaonyesha jibu lenye mashine itachukua ukibonyeza Enter tu. Kwa kazi ya kufuta, herufi kubwa iwe ya kukataa.

"Una hakika?" haitoshi

Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2017, injinia mmoja wa GitLab, kampuni inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, alikuwa anatengeneza serva usiku. Alifuta dosie ya data akifikiri yuko kwenye serva ya akiba. Kumbe alikuwa kwenye ile kubwa yenyewe. Alisimamisha amri haraka, lakini kwenye gigabayiti karibu 300 zilibaki 4.5 hivi. Kampuni ilirudia nakala ya masaa karibu sita nyuma, na kazi iliyoingia kwenye hifadhi hiyo ya data katika masaa hayo ikapotea.

Kama mashine ingemuuliza "Una hakika?", angejibu ndiyo, juu alikuwa na hakika. Kosa lake lilikuwa mahali. Kwa hiyo swali zuri linaonyesha kwanza mashine gani, dosie gani na fishie ngapi:

echo "Mashine: $(hostname)"
echo "Dosie: $dosie"
find "$dosie" -type f | wc -l

Programu moja ya Debian, molly-guard, inafanya vile. Ukitaka kuzima serva ukiwa mbali, inakuomba uandike jina la serva hiyo. Ukikosea jina, haizimi. Mtu analazimika kufikiri yuko wapi.

Usiulize kila mara

Kuuliza mno nako ni hatari. Amri ya rm -i inauliza kwa kila fishie. Kwenye fishie 200, mtu anasoma tatu za kwanza, kisha anabonyeza tu mpaka mwisho. Kwenye Linux kuna rm -I, na i kubwa: inauliza mara moja tu, ukifuta fishie zaidi ya tatu ao dosie nzima. Swali moja lenye uzito linasomwa.

Na kama hakuna mtu?

Skripti zingine zinaamshwa usiku na cron, programu yenye inaanzisha kazi kwa saa iliyopangwa. Hapo hakuna mtu wa kujibu. Kwa kawaida read inakuta kimya, "jibu" linabaki tupu, na nyota inakataa. Fishie ziko salama, lakini kazi haikufanyika. Jaribio la [ -t 0 ] linaijulisha skripti kama kweli kuna mtu kwenye klavie. Kama hakuna, afazali iandike ujumbe kwenye fishie ya ripoti na iishie hapo.

Kabla ya kumpa mwenzako skripti ya kufuta, tengeneza dosie ya majaribio yenye fishie za bure, weka echo mbele ya rm, kisha jibu vibaya makusudi: n, non, Enter tupu. Ikiandika "Hakuna kitu kimefutwa" mara zote tatu, hapo unaweza kutoa ile echo.