Kompyuta ikichakaa, ni heri kutengeneza au kununua nyingine?

KOMPYUTA ya mezani inapoanza kujizima katikati ya kazi, wengi hukata shauri papo hapo kwamba siku zake zimekwisha. Kwa mwenye duka la kupiga chapa au mwalimu aliyehifadhi humo alama za wanafunzi, uamuzi huo wa haraka unaweza kumeza akiba ya miezi mingi bila sababu.

Ukweli ni kwamba mashine hii ni mkusanyiko wa vipuri vinavyoweza kubadilishwa kimoja kimoja, na aghalabu kilichoharibika ni kimoja tu.

Hatua ya kwanza ni kuokoa kazi iliyomo. Maadamu kompyuta ingali inawaka, faili zote muhimu zinakiliwe kwenye flashi au diski ya nje, kisha zifunguliwe kwenye mashine nyingine ili kuhakikisha ziko salama. Kipuri hununuliwa, faili iliyopotea hainunuliki.

Baada ya hapo, dalili zichunguzwe. Saa na tarehe zikirudi nyuma kila umeme unapokatwa, huenda iliyoisha ni betri ndogo ya mviringo aina ya CR2032. Mashine ikizima baada ya kupata moto, huenda feni imezibwa na vumbi. Isipowaka kabisa, kifaa cha kugawa umeme ndani yake ndicho cha kushukiwa mwanzo. Diski kuu ikigonga-gonga, hilo ni onyo kwamba inakaribia kufa.

Kompyuta inayojikokota huweza kupata uhai mpya ikiwekewa diski aina ya SSD na kuongezewa kumbukumbu ya RAM. Lakini bodi kuu ikiungua, mara nyingi ni heri kutafuta mashine nyingine.

Hata hivyo, si lazima kununua kila kitu. Iwapo kiwambo, kibodi na kipanya vingali vizima, kinachohitajika ni lile sanduku ambalo wauzaji huliita CPU. Mnunuzi athibitishe tu kwamba waya wa kiwambo chake unaingia kwenye sanduku hilo, kwani viwambo vya zamani hutumia tundu la VGA ambalo baadhi ya mashine mpya hazina.

Masanduku yaliyotumika ng'ambo huuzwa kwa bei nafuu kuliko mapya katika maduka ya Nairobi na miji mingine, lakini yana mitego yake.

Mtego mkubwa ni umri. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo, kwa upande wa vichakataji vya Intel Core, hukubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Kizazi husomwa kwenye nambari: i5-4570 ni cha 4, ilhali i5-8500 ni cha 8. Asiyemudu cha 8 anaweza kutumia Linux Mint au Ubuntu pamoja na LibreOffice, ambazo hazilipiwi.

Mtego mwingine ni umeme. Baadhi ya mashine za zamani zina swichi ndogo nyuma, yenye alama 115 na 230. Iliyotoka Marekani ikichomekwa hapa Kenya, ambako umeme ni volti 240, huku swichi ikiwa kwenye 115, inaweza kuungua papo hapo.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aiwashe mashine dukani, aiache ifanye kazi kwa muda, ajaribu kila tundu na kuhakikisha RAM na diski ni za kiasi alichoambiwa. Muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti, kwani ahadi ya mdomo haina shahidi.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kompyuta kuukuu ichunguzwe kwanza na fundi mwaminifu. Huenda inachodai ni betri tu.