Sura ya Saba: Nyota Hazizuii Upepo

Kila ifikapo Februari maswali huanza kumiminika. Yanatoka London, Stockholm, Brussels na Munich, kwa wazazi waliokulia Tanga, Bukavu au Mombasa, ambao watoto wao sasa wanataka likizo ya hema kama wenzao wa darasani. Swali ni moja: kambi ipi nzuri kusini mwa Ufaransa? Masharti nayo hayabadiliki. Iwe na nyota nne, iwe na bwawa lenye mabomba ya kuteleza, iwe hatua chache kutoka baharini. Sijawahi kuulizwa upepo wa hapo unatoka upande gani, wala mto unaopita nyuma ya mahema huwa na tabia gani mvua ikinyesha milimani. Na hayo mawili, pamoja na moto, ndiyo yanayovuruga likizo za watu. Bwawa halijawahi kumng'olea mtu hema.

Nimeipanga sura hii kwa mafungu manne: wakati, mahali, hema na fedha.

Wakati ndio rahisi. Likizo ya kiangazi ya shule za Ufaransa huanza mapema Julai na kwisha mwanzoni mwa Septemba, nchi nzima kwa pamoja. Tangu mwaka 1936, wafanyakazi walipopewa kisheria wiki mbili za likizo yenye malipo, Wafaransa wamejenga mazoea ya kuteremka baharini kiangazi, na siku hizi huteremka kwa mpigo mmoja. Huduma ya serikali inayotabiri foleni, Bison Futé, huzipa siku za barabarani rangi: kijani, machungwa, nyekundu na nyeusi. Jumamosi za mwanzo wa Agosti, waliomaliza likizo wakirudi na wanaoanza wakienda, barabara ya A7 ya Lyon hadi Marseille haitamaniki. Mwenye watoto wadogo asafiri Jumanne. Anayetoka kaskazini anaweza pia kushuka kwa A75, kutoka Clermont-Ferrand hadi Béziers, ambayo haina ushuru isipokuwa kwenye daraja la Millau. Familia za Sweden zina bahati kwa kuwa shule zao hufungwa katikati ya Juni, kabla Wafaransa hawajatoka. Za Bavaria zina likizo hadi Septemba, lakini zisishangilie kabla ya kusoma habari za mito hapo chini.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania anayeishi Uingereza akumbuke viza ya Schengen. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Yanahitaji uthibitisho wa malazi na bima ya angalau euro 30,000, kwa hiyo nafasi ya kambi hushikwa kwanza, viza ikafuata.

Sasa mahali, na hapa ndipo upuuzi ulipojaa.

Upuuzi wa kwanza ni kudhani kusini mwa Ufaransa ni mahali pamoja. Kutoka Nice hadi Perpignan ni zaidi ya kilomita 450 kwa barabara. Katikati yake mna Provence ya mawe meupe, bonde la Rhône, vinamasi vya Camargue vyenye mbu ambao mtu wa Rufiji angewatambua mara moja, na fukwe ndefu za Languedoc ambazo serikali ilianza kuziendeleza kwa ajili ya watalii mwaka 1963. Juu kidogo, mbali na bahari, ziko Ardèche na Cévennes. Kumshauri mtu aende "kusini" ni sawa na kutomshauri.

Upuuzi wa pili ni wa mitandaoni: hema moja, jabali moja, bahari ya samawati chini, na msichana aliyeshika kikombe cha kahawa. Picha hizo nyingi hupigwa mahali pasiporuhusiwa kulala. Sheria ya Ufaransa inakataza kupiga kambi ufukweni, kwenye maeneo ya mandhari yaliyohifadhiwa, na karibu na majengo ya kihistoria au vyanzo vya maji ya kunywa. Hifadhi ya Calanques, karibu na Marseille, iliyoanzishwa mwaka 2012, hairuhusu hema hata la usiku mmoja. Mwenye watoto hana sababu ya kujificha kama mwizi wakati nchi imejaa kambi halali, zikiwemo kambi ndogo za manispaa zenye vivuli vizuri na bei ya kawaida.

Upuuzi wa tatu ni nyota. Nyota za kambi, moja hadi tano, hutolewa kwa hiari ya mwenye kambi na hudumu miaka mitano. Zinapima huduma: mapokezi, vyoo, maji ya moto, michezo. Ni kipimo cha haki kwa kile kinachopimwa. Lakini hakuna nyota inayokwambia kwamba kiwanja namba 112 kiko wazi upande wa kaskazini-magharibi. Na hilo linanileta kwenye upepo uitwao mistrali.

Mistrali huzaliwa pale mgandamizo mkubwa wa hewa unapotulia magharibi mwa Ufaransa, juu ya Atlantiki, na mgandamizo mdogo ukakaa juu ya Ghuba ya Genova. Hewa baridi ya kaskazini huvutwa kuelekea baharini, lakini njia yake ni nyembamba. Mashariki imezuiwa na Alpi, magharibi na Massif Central, na upenyo uliobaki ni bonde la Rhône. Hewa iliyobanwa hukimbia. Ikitokea chini kwenye uwazi wa Provence inaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Zaidi magharibi, kati ya Massif Central na milima ya Pyrenees, hutokea ndugu yake, tramontana, inayopiga Narbonne, Leucate na Perpignan.

Kinachowaponza wageni ni mbingu. Mistrali hufagia mawingu. Jua linawaka, anga ni samawati, simu inaonyesha picha ya jua kali, na baba anafungua hema la vyumba vitatu akiwa anapiga mluzi. Sisi wa pwani tumezoea upepo wenye ratiba: kaskazi ina miezi yake na kusi ina yake, na nahodha hujua lini atweke tanga. Mistrali haina miezi. Huvuma zaidi majira ya baridi na ya kuchipua, lakini Julai inaweza kuja Jumatano na kuondoka Alhamisi.

Bahari nayo hubadilika. Upepo unaotoka nchi kavu husukuma maji ya juu, yenye joto, yaende mbali na ufuo, na maji baridi ya chini hupanda kujaza nafasi. Ndani ya siku moja au mbili bahari ya nyuzi 24 inaweza kushuka chini ya 18, jua likiwa vilevile. Anayekuambia Mediterania ni ya joto Agosti nzima hajaogelea Provence siku ya pili ya mistrali.

Wenyeji wengine watakuambia huvuma siku tatu, au sita, au tisa. Nimewasikia wenye kambi wakiwaambia wageni hilo kwa uso mkavu, na wageni wakiahirisha kuondoka kwa sababu "leo ni siku ya tatu tu". Ni ushirikina mtupu. Hewa haijui kuhesabu kwa tatu. Mistrali hudumu kadiri migandamizo ile miwili inavyokaa mahali pake: nusu siku, siku mbili, au hata zaidi ya wiki. Imani hii haifi kwa sababu moja: upepo ukikoma siku ya tatu watu husema "si nilikwambia," ukikoma siku ya nne hakuna anayekumbuka. Soma utabiri wa Météo-France. Ni wa bure, na haujali tarakimu za bahati.

Yapo maarifa ya wenyeji yaliyo ya kweli, nayo yameandikwa ardhini. Fungua ramani ya picha za setilaiti na uangalie mashamba ya kusini mwa Avignon, karibu na Cavaillon na Saint-Rémy. Utaona mistari myeusi iliyonyooka, mingi ikienda mashariki-magharibi, mmoja baada ya mwingine. Ni safu za misaipresi mirefu iliyopandwa kukinga mboga na matunda. Mkulima hawezi kupoteza ardhi kwa mti usiozaa bila sababu. Tazama na nyumba kongwe za mashamba: ukuta wa kaskazini hauna dirisha, au una kitundu kidogo tu, na mlango uko kusini. Panda hadi kijijini utazame mnara wa kanisa: mara nyingi kengele zimetundikwa ndani ya kizimba cha chuma kilicho wazi, ili upepo upite. Penye alama hizo tatu, upepo ni mwenyeji. Basi tafuta kambi iliyo nyuma ya safu ya miti au kwenye mteremko unaotazama kusini, na uombe kiwanja kilicho karibu na kinga hiyo, si kile cha mwisho chenye mandhari nzuri. Asiyetaka habari hizi kabisa aende mashariki ya milima ya Estérel, upande wa Nice, ambako mistrali hufika mara chache. Bei za huko zinajua hilo.

Kulisimamisha hema lenyewe ni kazi ya dakika ishirini ikifanywa sawasawa. Mgongo mfupi wa hema uelekee kaskazini-magharibi, mlango kusini-mashariki. Udongo wa huko ni mawe ya chokaa, na vigingi vyembamba vinavyokuja ndani ya mfuko hupinda vikigongwa mara mbili. Nunua vya chuma kigumu, urefu wa sentimita 25 au zaidi, na nyundo nzito. Kigingi kiingie kimelala, kichwa kikiwa mbali na hema, ili kamba ikivuta isikitoe. Kamba zote zifungwe siku ya kwanza, hata kama hakuna upepo, kwa sababu upepo ukija saa nane usiku hutaziona. Kibaraza cha turubai ndicho hubebwa kwanza, hivyo kishushwe kabla ya kulala.

Nafasi niliyotengea fedha imekwisha kuliwa na upepo, na bado hatujagusa maji.

Mto wa kusini mwa Ufaransa hudanganya. Agosti watoto wanavuka Ouvèze maji yakiwa magotini. Tarehe 22 Septemba 1992, mjini Vaison-la-Romaine, mto huohuo ulipanda ndani ya saa chache, ukasomba nyumba, magari na kambi iliyokuwa kando yake, na makumi ya watu wakafa. Daraja la Warumi lilibaki. Sababu si fumbo: mwisho wa kiangazi bahari imejaa joto, pepo za kusini hubeba unyevu wake hadi kwenye milima, na mvua hukaa ikinyesha palepale kwa saa nyingi. Msimu wake mkuu ni vuli, lakini tarehe 9 Agosti 2018 mafuriko katika mkoa wa Gard yaliikumba kambi ya watoto kutoka Ujerumani huko Saint-Julien-de-Peyrolas. Kwa hiyo familia za Septemba zichague kiwanja cha juu. Kambi iliyo kwenye eneo la hatari hulazimika kuwa na maelekezo ya usalama: yasome siku ya kwanza, na watembeze watoto kwenye njia ya kutokea. Météo-France ikitangaza tahadhari ya rangi ya machungwa kwa mvua, ondoka mtoni jua likiwa bado linaonekana. Ikiwa nyekundu, umechelewa kuuliza.

Kuhusu moto nitasema machache kwa sababu hakuna wa kubishana naye. Mwezi Juni mwaka 2019, Vérargues, mkoani Hérault, ilifikia nyuzi 46. Kwenye vichaka vikavu kiasi hicho, cheche moja inatosha. Kiangazi moto wa wazi hukatazwa msituni na katika umbali wa mita 200 kutoka msituni, na kambi nyingi hukataza mkaa viwanjani. Mishkaki itachomwa kwenye jiko la pamoja la kambi au kwenye jiko la umeme. Na umeme wenyewe una kikomo: ampea 6 ni kama wati 1,380 tu. Birika la wati 2,000 litakata swichi, na jirani atajua ni nani. Omba ampea 10. Kabla ya kwenda matembezi ya msituni katika mkoa wa Bouches-du-Rhône, angalia jioni ya kuamkia siku hiyo kama misitu itafunguliwa.

Na bwawa lile mlilolitaka? Mabwawa mengi ya Ufaransa hayaruhusu wanaume kuogelea na kaptura pana. Hutakiwa vazi fupi la kubana. Vazi la kike linalofunika mwili mzima nalo hukataliwa mahali pengi, kwa hiyo dada au mama anayelivaa aandikie kambi mapema kuliko kuaibishwa mbele ya watoto. Baharini mambo ni tofauti: tarehe 26 Agosti 2016 Conseil d'État, mahakama ya juu ya masuala ya utawala, ilisimamisha marufuku ya vazi hilo iliyowekwa na mji wa Villeneuve-Loubet.

Fedha, kwa ufupi: hema lako ni nafuu kuliko nyumba ya magurudumu ya kukodi, Juni ni nafuu kuliko Agosti, na kodi ya watalii hawatozwi walio chini ya miaka 18.

Basi kabla ya kulipa malipo ya awali, iandikie kambi maswali matatu. Upepo mkali hutoka upande gani, na kiwanja changu kimekingwa na nini? Maji yalifika wapi mara ya mwisho mto ulipofurika? Nikihitaji kupika, moto gani unaruhusiwa? Mwenye kambi anayejua kazi yake atajibu kwa mistari miwili mitatu, pengine na namba ya kiwanja anachopendekeza. Akikujibu kwamba kwao hakuna upepo kabisa, mshukuru, kisha tafuta kwingine.