Tairi Gani kwa Njia za Junda?

Ukiiacha lami ya Mishomoroni na kushuka kuelekea Junda, gari lako hukutana na ardhi ya aina tatu katika mwendo wa dakika chache. Kwanza ni mchanga mwepesi, ule ambao wakati wa kaskazi humeza kiatu chote. Kisha huja mawe ya matumbawe yaliyochomoza njiani, makali kama vigae vya chupa. Na upande wa mikoko, kule kwenye hori la Tudor, mvua ya masika ikishika huwa ni tope linaloteleza mtindo mmoja. Tairi linalopenda mchanga huogopa jiwe, na linaloshika tope hupiga kelele na kulika haraka kwenye lami. Kwa hiyo mkazi anayeuliza "tairi bora ni lipi?" hujibiwa kwa swali jingine: unapita wapi siku nyingi za wiki?

Makala haya yanawahusu hasa wenye pikapu, Prado, Land Cruiser na magari mengine yanayovuta magurudumu yote manne. Lakini wengi wetu Kisauni tunasafiri kwa tuktuk na bodaboda, na njia ni zile zile, kwa hiyo nao wana sehemu yao huku chini.

Nianze na usiku mmoja wa Februari mwaka jana. Saa tano usiku nilikuwa miongoni mwa watu sita tukisukuma pikapu ya jirani iliyozama mchangani, na ndani yake alikuwamo mama aliyeshikwa na uchungu. Pikapu ile ilikuwa imevishwa matairi mapya ya matope, yenye meno makubwa, ya bei ambayo mwenyewe hakupenda kuitaja. Kila dereva alipokanyaga mafuta, meno yale yalichimba kama jembe. Tukasukuma mpaka nguvu zikatuishia. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa tuktuk. Aliinama, akachukua njiti ya kiberiti, akatoa upepo katika matairi yote manne huku akihesabu kimoyomoyo, kisha akamwambia dereva aanze polepole kwa gia ya chini. Gari likatoka kama halijawahi kukwama. Mtoto alizaliwa salama.

Hadithi hiyo ina kipande cha pili ambacho watu hawakisimulii. Kwa haraka ile hakuna aliyekumbuka kujaza upepo tena. Pikapu ilipanda lami, ikakimbizwa kuelekea Daraja la Nyali ikiwa na matairi yaliyolegea. Asubuhi yake fundi wa pancha alilivua tairi moja la nyuma na kutuonyesha tumbo lake: mpira umesagika ndani, unamwagika kama unga mweusi. Nje lilionekana zima kabisa.

Upepo kwanza

Mambo yote mawili ya usiku ule yanatokana na upepo. Tairi lililojaa sawasawa hugusa ardhi kwa eneo dogo, na uzito wote wa gari hukaa hapo. Kwenye lami ndivyo inavyotakiwa. Kwenye mchanga, eneo dogo huzama. Ukipunguza upepo, tairi hutandaza wayo wake, huwa refu zaidi kutoka mbele hadi nyuma, na gari huelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Madereva wazoefu wa mchangani hushuka hadi PSI 20, na penye mchanga mzito hadi 15 au 16. Ukishuka hapo, endesha polepole na usikate kona kwa ghafla, kwani tairi lisilo na tyubu linaweza kuchomoka kwenye rimu.

Ukirudi kwenye lami, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huko huleta joto, na joto ndilo linalochana nyuzi za ndani na kupasua tairi ukiwa katikati ya barabara ya Malindi. Kipimo sahihi cha gari lako hakimo kichwani mwa fundi. Kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, kikionyesha upepo wa mbele na wa nyuma, na mara nyingine upepo wa gari likiwa na mzigo. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Kipima-upepo chako mwenyewe na pampu ndogo inayotumia umeme wa gari ni matumizi bora ya fedha kuliko rimu za kung'aa.

Kwenye mawe ya matumbawe kanuni hubadilika. Tairi lililolegea hufura ubavuni, na ubavu ndio sehemu nyembamba zaidi. Jiwe kali likiugusa, hukata. Pancha ya katikati ya meno huzibika. Ubavu uliokatwa hauzibiki kwa usalama, hata fundi akikuahidi kuutia kiraka na tyubu. Kwa hiyo penye mchanga legeza, penye mawe rudisha upepo kiasi na upite pole. Ni usumbufu, najua, lakini ndiyo njia tuliyo nayo.

Familia tatu za matairi

Ubavuni au katika jina la tairi utakuta herufi. H/T ni tairi la barabara: meno madogo, kimya, breki nzuri kwenye lami yenye maji. M/T ni tairi la matope: meno makubwa yenye nafasi pana za kutema tope, ubavu mgumu, lakini lina kelele, linakula mafuta zaidi, linaisha haraka kwenye lami na breki zake ni dhaifu barabara ikilowa. Katikati kuna A/T, tairi la mchanganyiko.

Maoni yangu ni haya. Kama gari lako hulala Junda lakini kila siku huvuka kwenda kisiwani, A/T ndilo lako. M/T muachie anayeingia topeni kikazi karibu kila wiki, kwa mfano anayebeba mbao au mawe ya ujenzi kutoka mashambani. Wengi huyanunua kwa sura tu. Na kama kilomita zako mbili za mwisho tu ndizo za vumbi, H/T nzuri na upepo unaosimamiwa vizuri zitakufikisha. Hata wale madereva wa kiwango cha dunia wanaokuja Naivasha kwa Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurudi katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, hutoka na spea mbili garini. Hakuna tairi lisilotoboka Kenya hii. Kagua spea yako leo. Nyingi zinazoning'inia nyuma ya magari yetu hazina upepo.

Kusoma ubavu wa tairi

Chukua mfano wa 265/65R17 112S, saizi inayoonekana kwenye Prado nyingi. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. R ni namna nyuzi zilivyopangwa, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kisha 112 ni namba ya uzito: maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. S ni kikomo cha mwendo, kilomita 180 kwa saa.

Namba ya uzito ndiyo inayopuuzwa zaidi na ndiyo yenye hatari zaidi kwa wanaobeba abiria na mizigo. Tairi la gari dogo na la matatu yanaweza kulingana kwa rimu lakini yakatofautiana sana kwa uwezo. Matairi ya magari ya biashara huwa na herufi C baada ya saizi, na mara nyingi namba mbili, kama 106/104: kilo 950 likiwa moja upande, kilo 900 yakiwa mawili mawili. Ukimvisha matatu tairi la gari la nyumbani kwa sababu ni nafuu, unawabeba watu juu ya mpira usioundwa kwa ajili yao.

Wapo wanaotaka kuongeza ukubwa ili gari liinuke. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kunaongeza kipenyo kwa milimita 26 hivi. Gari litainuka nusu ya hiyo tu, milimita 13, upana wa kidole. Wakati huo huo spidomita itadanganya: ikionyesha 80, wewe uko karibu 83. Ukienda mbali zaidi ya hapo tairi huanza kukwaruza fenda usukani ukikatwa. Na kwa magari kama Subaru Forester, yanayovuta magurudumu yote wakati wote, matairi manne yasiyolingana kwa kipenyo huitesa gia ya katikati inayogawa nguvu. Tairi moja jipya na matatu yaliyolika ni ubahili unaolipiwa baadaye kwa fundi wa gia.

Rimu

Rimu ya chuma ikigonga jiwe hupinda, na fundi huigonga ikarudi. Rimu ya aloi ni nyepesi na nzuri, lakini ikipata pigo kali hupata ufa. Upande wa chuma kuna adui mwingine tunayemjua sote wa pwani: chumvi. Kutu ikitambaa mahali tairi linapokalia rimu, upepo huvuja kidogo kidogo na utatafuta pancha usiione. Mwambie fundi apasugue na kupasafisha kila anapovua tairi.

Jihadhari na rimu kubwa zaidi. Kila inchi unayoongeza kwenye rimu bila kubadili kipenyo cha nje inatolewa kwenye ubavu wa mpira, na ubavu ndio mto unaokukinga na mashimo. Jihadhari pia na rimu za kuazima. Prado hutumia nati sita, Land Cruiser 200 nati tano. Na hata matundu yakilingana, tundu la katikati na kina cha rimu vinaweza kutofautiana. Rimu inayotokeza nje kupita kiasi huongeza mzigo kwenye beringi.

Mtumba na umri wa tairi

Tairi huzeeka hata likikaa dukani, na jua letu haliliachi. Tafuta ubavuni alama ya DOT, na mwisho wake namba nne: 3521 maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2021. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na libadilishwe likifika miaka kumi hata kama meno yapo. Ukiambiwa tairi ni jipya na namba inasema vingine, iamini namba.

Kwa mtumba, angalia zaidi ya weusi, maana rangi ya kung'arisha ni rahisi. Kunja mpira wa ubavu utafute nyufa ndogo ndogo. Pitisha kiganja ndani ya tairi utafute viraka na uvimbe. Ndani ya mifereji ya meno kuna vinundu vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, meno yakilingana navyo, tairi limekwisha. Na kama mifereji ni mirefu lakini kingo zake zina alama za kisu na vinundu havionekani, huenda tairi limechongwa upya. Aliyelichonga hakuongeza mpira. Amepunguza uliobaki, na nyuzi ziko karibu na lami.

Tuktuk na bodaboda

Tuktuk nyingi hutumia tairi la 4.00-8, yaani upana wa inchi nne na rimu ya inchi nane. Gurudumu dogo namna hiyo huingia shimoni lote, kwa hiyo upepo sahihi ni muhimu kuliko aina ya meno. Tairi la mbele ni moja na ndilo linaloelekeza. Lisiwe ndilo kuukuu kuliko yote, ingawa ndivyo wengi wanavyofanya. Bodaboda nazo mara nyingi huvaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. La mbele lenye mifereji iliyonyooka na la nyuma lenye meno ya kukatiza hukaa vizuri kwenye lami na kwenye vumbi. Tairi kipara mbele, asubuhi ya manyunyu, ukiwa na mwanafunzi nyuma: hapo breki haitakusikia.

Tairi likishakufa

Tairi kuukuu likiachwa uani hukusanya maji, na maji hayo ndiyo makazi anayoyapenda mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza dengi na chikungunya. Mombasa ilipata mlipuko wa chikungunya kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017 hadi 2018, na waliougua wanakumbuka viungo vilivyouma kwa miezi. Ukibadilisha matairi, yaache kwa muuzaji au mpe fundi anayeyakata kwa viatu na kamba. Ukilibakiza kwa kupandia maua au kwa bembea ya watoto, litoboe matundu chini maji yapite. Usilichome: moshi wake ni sumu na majirani hawana pa kuukimbilia. Yanayorundikwa nje ya vibanda vya pancha yafunikwe au yawekwe chini ya paa kabla masika hayajaanza.