Unalala ndani ya Noah Mbeya? Blanketi kwanza, spika baadaye!

Wale wazungu unaowaona wakipita barabara ya Tanzam na magari yenye hema juu ya paa, usidhani wamekosa pesa ya gesti. Ndiyo starehe yao. Gari ndiyo chumba, gari ndiyo jiko, gari ndiyo kabati la nguo. Na mambo hayo sasa yamewaingia vijana wetu wa Dar. Mnachanga watu wanne, mnakodi Noah, viti vya nyuma vinalazwa, godoro linatandikwa, haoo Iringa na Mbeya! Hakuna kutafuta vyumba, usiku ukiwakuta mnalala.

Safi kabisa. Nyanda za Juu Kusini ni mahali pake hasa. Kasheshe iko kwenye mizigo. Fungua buti la bitozi wa mjini anayekwenda Mbeya: spika kubwa kama ya harusini, kreti la bia, viatu jozi nne za kupigia picha, na shuka moja ya watu wote. Shuka, tena ya pamba! Hapo ndipo utakapowasikia saa nane za usiku wanagombania kulala katikati.

BATI HALINA HURUMA

Mji wa Iringa uko kama mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini kama 1,700. Kuanzia Juni mpaka Agosti usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, wakati mtu wa Dar akipata nyuzi 20 tu anaulizia sweta. Na hapo bado hujapanda Kitulo, ile hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 ambayo watu wanaiita Bustani ya Mungu. Kule juu ni mita 2,600 hivi. Maua yake yanachanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, lakini ukienda miezi ya kipupwe unaweza kuamka ukute majani meupe, umande umeganda juu yake.

Ndani ya gari mtu anajiona yuko salama. Wapi! Gari ni bati na vioo, joto lenu linatoka haraka kuliko mnavyoweza kulitengeneza. Na baridi mbaya siyo ya juu, ni ile inayopanda kutoka chini. Kwa hiyo anza chini: tandika mkeka, juu yake katoni zilizokunjuliwa (dukani wanakupa bure ukiomba vizuri), halafu ndiyo godoro. Juu, kila mtu na blanketi lake zito. Wale wapenzi wanaosema blanketi moja linatosha, tutaongea asubuhi. Weka soksi kavu za kulalia tu, usizitembelee mchana. Ukitaka raha zaidi, jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ifunge vizuri, ivishe soksi, iweke miguuni.

Koti nunua kabla hujaondoka. Pale Karume mitumbani koti zito watu wanalipita kama hawalioni, maana nani atalivaa Ilala? Bei ongea na muuzaji wako. Ukisahau, Mwanjelwa utalipata, lakini pale wanaijua shida yako.

JIKO LIBAKI NJE

Sasa hapa naomba tuache utani. Baridi ikizidi, kuna mshikaji mmoja lazima atasema: "Tuingize jiko ndani dakika kumi tu, mkaa wenyewe umeshashika, hauna moshi." Mkatalie. Akinuna, na anune.

Mkaa uliokolea na kuwa mwekundu ndio unaodanganya watu. Moshi hauonekani, lakini unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na damu inaacha kuupelekea mwili kile unachohitaji. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kulala. Na kwa kuwa ni usiku na amechoka na safari, analala kweli. Chumba cha kawaida kina nyufa za milango na bado majiko yameua watu ndani yake. Noah iliyofungwa vioo, watu wanne ndani, ni kama sanduku.

Jiko la gesi nalo si la kulalia, lipikie nje. Wala msiwashe injini ili mpate hita huku mmelala, maana moshi wa ekzosi unaweza kurudi ndani kupitia chini, hasa kwa magari yetu haya ambayo bomba limechomelewa mara tatu. Acheni vioo wazi upana wa kidole, pande mbili. Vijana wengi wanaogopa upepo huo, lakini mkivifunga kabisa, pumzi zenu zinageuka maji yanayotiririka kwenye vioo, na asubuhi blanketi limeloa. Blanketi bichi ni sawa na hakuna.

Jiko likishapoa, majivu baridi kabisa, ndipo linarudi kwenye buti. Akiamka mtu anaumwa kichwa na kichefuchefu na moto ulikuwa ndani, fungueni milango yote, mtoeni nje apate hewa, kisha hospitali. Msimwambie ni uchovu.

USIBEBE SOKO

Ya chakula hayana shida. Sielewi mtu anayetoka Kariakoo na nyanya kwenda Iringa! Ilula, ukishamaliza tu Kitonga, nyanya na vitunguu vinakusubiri barabarani. Mchele uko Mbarali na Kyela, viazi viko Uporoto, parachichi Rungwe. Wewe beba chumvi, mafuta, majani ya chai, kisu kinachokata, sufuria mbili zenye mifuniko na kiberiti mahali pasipoloa.

Maharage mabichi waachie wenyeji wenye muda. Juu Kitulo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 91 tu, siyo 100, kwa hiyo yanatokota vizuri lakini maharage yanakutazama. Kuni zinaisha, njaa inabaki. Utaona pia pakiti za krispi ulizonunua Dar zimevimba kama mpira. Hazijaharibika, ni hewa ya milimani, nyepesi kuliko ile iliyofungiwa ndani ya pakiti.

Halafu kuna ulanzi. Ukipita Iringa msimu wa mvua, mtashawishika kubeba chupa ya juisi hiyo ya mianzi. Bebeni, ila msikaze kifuniko. Ulanzi unaendelea kuchacha njiani na gesi inajaa, mwishowe chupa inapasuka na godoro zima linanuka kilabu. Dereva asiguse hata ule "mtamu", maana haujui kutulia.

KITONGA HAKINA MCHEZO

Kabla ya kutoka nyumbani, fungua nati moja ya gurudumu kwa spana ya gari hilohilo. Wengi wanagundua spana haiingii wakiwa Ruaha Mbuyuni juani. Angalia spea ina upepo, jeki ipo, pembetatu mbili na kizima moto vipo (trafiki wa njia hii wanaviulizia kuliko jina lako). Dumu la maji la lita 20 lisikosekane. Injini ikichemka Kitonga, kaeni pembeni muisubiri ipoe. Anayefungua kifuniko cha rejeta ya moto anajichoma uso.

Wakati wa kurudi, Kitonga mnashuka. Noah nyingi ni otomatiki na dereva wa mjini anaiacha kwenye D, anakanyaga breki kuanzia juu mpaka chini. Breki zikishika moto hazishiki gari. Rudisha kwenye 2 au L, iache injini ikushikie. Na ile njia ya Chimala kwenda Matamba inayoitwa Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake, msiiingie na kimeo wakati wa mvua. Mtaisukuma mpaka mjute kuzaliwa na mabega.

Sasa kuna hili la chandarua. Watu wanasema, "Mbeya baridi, mbu watoke wapi?" Lakini safari yenu haiishii Mbeya mjini. Mtateremka Tukuyu, mtaona Daraja la Mungu pale Kiwira, halafu mtataka Matema, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Siku ileile iliyoanza na koti inaisha na kanga, na mbu wa ziwani hajui kama wewe umetoka kwenye baridi. Vioo vikiwa wazi kule, vifunikeni kwa chandarua.

Pa kulala tafuteni mapema, jua likiwa bado lipo. Kando ya barabara kuu hapana, malori yanapita usiku kucha na wezi wanajua gari la mgeni. Kuna sehemu za kambi zilizozoeleka, kama shamba la Kisolanza, kama kilometa 50 kutoka Iringa ukielekea Mafinga. Kijijini, mmoja wenu ashuke, spika izimwe, amtafute mwenyekiti. Iringa aanze na "kamwene", Rungwe aanze na "ugonile", halafu: "Shikamoo mzee, tumetoka Dar, tunaomba kulaza gari hapa mpaka asubuhi." Bebeni na sepetu. Mzee akiwaonyesha kiwanja, kitu cha pili atakachowaonyesha ni choo kilipo, na kama hakuna, mtamshukuru aliyeikumbuka.