Binti Aliyejishusha Akapata Mume

Tarehe 15 Machi mwaka wa 1773, watu wa London walikusanyika katika nyumba ya michezo ya Covent Garden kutazama mchezo mpya wa Oliver Goldsmith, mtungaji mzaliwa wa Ireland. Msimamizi wa nyumba ile alikuwa na shaka nao, kwa kuwa siku zile michezo ya kutoa watu machozi ilipendwa sana. Lakini watazamaji walicheka mno, na mchezo ukafaulu. Baada ya miaka zaidi ya 250 ungali unachezwa. Jina lake ni She Stoops to Conquer, yaani mwanamke ajishusha ili apate kushinda.

Habari zake ni hizi. Bwana Hardcastle, mzee akaaye shamba, ana binti aitwaye Kate. Mzee huyu angependa binti yake aolewe na kijana Marlow, mwana wa rafiki yake wa zamani, Sir Charles Marlow. Hata hivyo amwambia Kate waziwazi kwamba hatamlazimisha.

Marlow ana kasoro moja. Mbele ya mabibi wa heshima huona haya hata ulimi ukawa mzito. Lakini mbele ya watumishi wa kike ni hodari wa maneno. Akiwa njiani pamoja na rafiki yake Hastings, usiku wawaingilia, nao wapotea. Tony Lumpkin, mwana wa kambo wa Bwana Hardcastle, kijana mpenda pombe na mzaha, awadanganya kwamba nyumba ya mzee huyo ni nyumba ya kulala wageni. Basi waingia kwa kiburi na kumwamuru mwenyeji wao kama mtumishi. Mzee astaajabu kuona utovu wa adabu namna hii kwa mwana wa rafiki yake.

Marlow na Kate wanapokutana mara ya kwanza, kijana hathubutu hata kumtazama usoni. Lakini jioni Kate huvaa nguo za kawaida ili kumridhisha baba yake, kama walivyopatana. Marlow amwonapo hivyo, amdhania kuwa mtumishi wa nyumba. Kate hakanushi, ataka kumjua mtu huyu asipokuwa na haya.

Kwanza Marlow amfanyia utani usiofaa. Baadaye agundua kosa lake kuhusu nyumba, na Kate ajifanya jamaa maskini wa mwenye nyumba. Alipomwona akilia, Marlow aliacha mzaha, akasema naye kwa heshima. Mwishowe yu tayari kumwoa ingawa amdhania hana kitu, na wazee wote wawili wamejificha wakisikiliza.

Penye nyumba hiyo hiyo pana shauri jingine. Bibi Hardcastle ataka Constance, binti wa jamaa yake, aolewe na Tony, ili johari za binti huyo zisitoke mikononi mwake. Tony na Constance hawapendani, na Constance ampenda Hastings. Kumbe Tony amekwisha kuwa mtu mzima kisheria, jambo alilofichwa. Bwana Hardcastle anapomfunulia, mara Tony amkataa Constance mbele ya wote, naye Constance awa huru.

Hivyo Goldsmith aliweka mbele ya watazamaji wazee wawili. Mmoja ahesabu johari, na hila zake zaharibika. Mwingine atoa shauri lake, kisha ampa binti yake nafasi ya kupima mwenyewe. Na kipimo cha Kate ni chema: mchumba aliyeketi mbele ya wakwe, amevaa nguo nzuri, huonyesha adabu aliyofundishwa; lakini jinsi asemavyo na mtu amdhaniaye mnyonge huonyesha tabia yake, na tabia hiyo ndiyo mke atakayoishi nayo.